Asetati ya shaba na magnetoni 1.46: je, sampuli ilikuwa chafu?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu wa sayansi. Katika zoezi la maabara tulipewa chumvi mbili za shaba(II), yaani mrututu (salfeti ya shaba yenye maji matano) na asetati ya shaba yenye molekuli moja ya maji, tukaambiwa tutafute momenti ya sumaku ya kila moja, yaani nguvu ya sumaku ya kila ayoni ya shaba, kwa mizani ya sumaku. Chumba kilikuwa na nyuzi 27 za Selsiasi. Mrututu ulitupa magnetoni 1.94 za Bohr, ambazo ndizo kizio cha momenti hiyo. Asetati ilionyesha uvutikaji (kiasi ambacho dutu huvutwa na sumaku) wa 4.0 × 10⁻⁶ kwa gramu, na baada ya masahihisho tukapata magnetoni 1.46 tu, ilhali kanuni tuliyofundishwa inadai isipungue 1.73. Tulirudia mara tatu bila mabadiliko. Msimamizi aliandika kwamba sampuli yetu ilikuwa chafu, akatukata alama. Je, ni kweli? Na kama si uchafu, usumaku wa shaba umekwenda wapi?

Jibu:

Ndugu mwanafunzi, sampuli yenu haikuwa chafu kwa kiasi cha kuleta tofauti hiyo, na namba mliyoipata inakaribiana sana na ile inayopatikana kila mahali ambapo asetati ya shaba imepimwa kwa uangalifu katika joto la kawaida la chumba. Usumaku wa shaba haukupotea. Katika asetati ayoni za shaba haziishi mojamoja kama katika mrututu, bali huishi mbili mbili, na katika kila jozi elektroni ya shaba moja na ile ya mwenzake huelekea kukabiliana kinyume hadi usumaku wa moja ufute wa nyingine. Katika nyuzi 27 jambo hilo linakuwa limetimia kwa sehemu tu, ndiyo maana hamkupata sifuri wala hamkupata 1.73, bali mlipata namba ya katikati.

Nianze na shutuma ya uchafu, kwa kuwa hesabu fupi inatosha kuiondoa. Uvutikaji hufuatana na mraba wa momenti. Mraba wa 1.46 ni takriban 2.13, na mraba wa 1.94 ni takriban 3.76, kwa hiyo kila ayoni ya shaba katika asetati yenu ilivutwa kwa nguvu isiyozidi asilimia 57 ya ile iliyovuta ayoni moja ya mrututu. Ikiwa tofauti hiyo ingeletwa na kitu kisicho na sumaku kilichochanganyika na chumvi, basi karibu asilimia 43 ya unga uliokuwa ndani ya neli ingepaswa kuwa kitu hicho. Uchafu unaoweza kufikirika hapa, kama vile asetati ya sodiamu au kalsiamu, ni mweupe. Mtu hawezi kuchanganya unga mweupe karibu nusu kwa nusu na fuwele za kijani iliyokolea zinazokaribia buluu asilione hilo kwa macho, achilia mbali kwa mizani. Uchafu wa chuma, ambao kwa kweli ndio unaosumbua maabara nyingi kwa sababu ya vijiko vya chuma, ungepandisha namba badala ya kuishusha. Nafasi za hewa zinazobaki neli isipogongwagongwa vizuri huleta kosa la asilimia chache tu, tena kosa linalobadilika kila neli inapojazwa upya. Ninyi mlirudia mara tatu na namba haikutikisika.

Sasa tuitazame kanuni yenyewe. Shaba(II) ina elektroni tisa katika obitali tano za d, yaani nafasi tano ambazo kila moja hupokea elektroni mbili tu. Nane kati yake zimekaa mbili mbili, kila jozi ikiwa na spini (mielekeo ya usumaku mdogo wa elektroni) zinazopingana na kufutana, na moja imebaki pekee. Kwa ayoni yenye elektroni n zilizobaki pekee, momenti inayotokana na spini peke yake ni kipeuo cha pili cha n(n+2), na n ikiwa 1 tunapata kipeuo cha pili cha 3, yaani 1.73. Kanuni hii ni nzuri, lakini ina masharti mawili ambayo vitabu vya mwanzo huyapita haraka. Sharti la kwanza ni kwamba mwendo wa elektroni kuzunguka kiini usichangie chochote. Sharti la pili, ambalo ndilo kiini cha swali lako, ni kwamba kila ayoni iwe mbali na wenzake kiasi cha kutohisi spini zao.

Mrututu unavunja sharti la kwanza na kutimiza la pili. Katika shaba(II) mwendo wa elektroni kwenye obitali unachangia kidogo, na mchango huo huonyeshwa kwa kutumia kizidishi g chenye thamani ya wastani ya takriban 2.2 badala ya 2.0; ukizidisha 2.2 kwa 0.866, yaani nusu ya 1.73, unapata 1.9. Kinachobaki hadi 1.94 ni uvutikaji mdogo usiotegemea halijoto, ambao nitaurudia hivi punde kwa sababu unagusa hesabu yenu. Kuhusu umbali, mrututu ni chumvi ambayo muundo wake unajulikana kwa muda mrefu. Fuwele yake ndiyo iliyotumiwa München mwaka 1912 na Friedrich, Knipping na Laue walipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba fuwele hutawanya eksirei, na mwaka 1934 Beevers na Lipson walieleza mahali pa atomi zake. Kila shaba imezungukwa na molekuli nne za maji zilizopangika kama pembe za mraba, na juu na chini yake, mbali kidogo zaidi, ipo oksijeni ya salfeti. Molekuli ya tano ya maji haishiki shaba kabisa, bali imening'inia kati ya salfeti na maji mengine kwa vifungo vya hidrojeni. Kutoka shaba moja hadi jirani yake ni zaidi ya pikomita 500, na hakuna kitu katikati kinachobeba habari za spini vizuri. Kwa hiyo kila shaba katika mrututu hujibu sumaku peke yake.

Asetati ni jambo jingine. Ili kuiona vizuri, fikiria pangaboi la darini lenye mapanga manne. Kwenye mhimili wake, badala ya mota, weka ayoni mbili za shaba, moja juu na moja chini. Kila panga ni ayoni moja ya asetati, ambayo ina oksijeni mbili: moja imeshika shaba ya juu na nyingine imeshika shaba ya chini, na kaboni iliyo kati ya oksijeni hizo mbili inaelekea nje pamoja na kundi lake la methili. Mapanga manne yanazifunga shaba mbili pande zote nne. Kisha kwenye ncha ya juu ya mhimili na kwenye ncha ya chini imekaa molekuli moja moja ya maji. Hayo ndiyo maji mnayoyaandika katika fomula, na kwa sababu fomula huandikwa kwa shaba moja, mwanafunzi anaweza kuitumia miaka mingi bila kushuku kwamba molekuli halisi ina shaba mbili, asetati nne na maji mawili. Kutoka shaba hadi oksijeni ya asetati ni pikomita 197 hivi, hadi oksijeni ya maji ni kama 216, na kutoka shaba hadi shaba ni takriban 262. Ilinganishe namba hii ya mwisho na pikomita 256, ambao ni umbali kati ya atomi za shaba katika kipande cha shaba tupu, kama waya wa umeme. Ni ukaribu wa kushangaza kwa ayoni mbili zenye chaji chanya.

Ukaribu huo haukugunduliwa kwanza kwa eksirei, bali kwa sumaku. Mwaka 1951 Guha alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba asetati ya shaba haifuati desturi ya chumvi za kawaida, ambazo huvutwa zaidi kadiri zinavyopozwa. Uvutikaji wake ulifika kilele na kisha ukaporomoka kuelekea sifuri. Mwaka uliofuata Bleaney na Bowers, wakiwa Oxford, waliweka fuwele za asetati katika uga wa sumaku na kuzipiga mawimbi ya mikro ili waone ni nishati ipi zinaimeza. Ayoni pekee ya shaba, yenye elektroni moja isiyo na mwenzi, hutoa alama inayofahamika vizuri. Walichokiona hakikufanana na alama hiyo, bali kilifanana na alama ya nikeli(II), ambayo ina elektroni mbili zisizo na wenzi zinazoelekea upande mmoja, na kadiri walivyozidi kuzipoza fuwele, alama hiyo ilizidi kufifia. Walihitimisha kwamba ayoni za shaba zimo katika jozi. Mwaka 1953 van Niekerk na Schoening, watafiti wa Afrika Kusini, walichapisha muundo uliopatikana kwa eksirei, na jozi zilikuwapo kweli, zikiwa ndani ya lile pangaboi nililolieleza. Kwangu mimi hiki ni mojawapo ya visa vizuri kabisa katika kemia ya metali za mpito, kwa sababu namba iliyoonekana kuwa na kasoro, kama yenu, ilitangulia kusema ukweli kuhusu mahali pa atomi.

Tuingie ndani ya jozi moja. Elektroni mbili, moja kwa kila shaba, zinaweza kupangika kwa namna mbili. Spini zikipingana, jozi haina usumaku, na hali hiyo huitwa singileti. Spini zikielekea upande mmoja, jozi ina usumaku wa elektroni mbili, na hali hiyo huitwa tripleti kwa kuwa ina namna tatu za kukaa ndani ya uga wa sumaku. Katika asetati ya shaba singileti iko chini na tripleti iko juu yake kwa nishati ya mawimbi 296 hivi kwa sentimita, sawa na kilojuli 3.5 kwa moli. Hapa nakutahadharisha kwamba waandishi hawakubaliani jinsi ya kuliandika pengo hili: wengine huliita J na wengine 2J, kwa hiyo ukikuta kitabu kimoja kinasema 296 na kingine 148, huenda vyote viwili vinasema jambo moja. Tazama kwanza fomula waliyoanza nayo.

Kilojuli 3.5 ni pengo dogo. Kifungo cha kawaida cha kemikali kina mamia ya kilojuli. Joto la chumba chenu lenyewe, likipimwa kwa vizio vile vile, lina mawimbi 208 hivi kwa sentimita, kwa hiyo linatosha kupandisha sehemu nzuri ya jozi kutoka singileti hadi tripleti. Hesabu yake ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kuifanya kwenye kikokotoo cha simu. Gawanya 296 kwa 208.5 upate 1.42, tafuta e kwa kipeo cha 1.42 upate kama 4.14, hiyo ndiyo uzito wa singileti ikilinganishwa na uzito wa 3 wa tripleti. Sehemu ya jozi zilizo katika tripleti ni 3 kugawanya kwa 7.14, yaani 0.42. Katika kila jozi 100 zilizokuwa ndani ya neli yenu, 42 zilikuwa na usumaku na 58 hazikuwa nao hata kidogo. Mkizipoza hadi kelvini 77, ambayo ni halijoto ya naitrojeni inayochemka, hesabu ile ile inatoa jozi moja tu yenye usumaku katika kila 85.

Kutoka hapo momenti hupatikana kwa mlinganyo wa Bleaney na Bowers, ambao kwa shaba moja unasema kwamba uvutikaji ukizidishwa kwa halijoto ni sawa na 0.375 mara g² ikigawanywa kwa jumla ya 3 na e iliyoinuliwa kwa kipeo kile tulichokitafuta. Kwa g ya 2.16, ambayo ni wastani unaofaa kwa asetati, 0.375 mara 4.67 ni 1.75, gawanya kwa 7.14 upate 0.245; kipeuo chake cha pili ni 0.495, zidisha kwa 2.828, kizidishi kinachogeuza matokeo kuwa magnetoni, upate 1.40. Nadharia inadai 1.40 na ninyi mmeleta 1.46.

Tofauti hiyo ndogo ya 0.06 nayo ina maelezo, na huu ndio upungufu pekee ninaouona katika kazi yenu. Uvutikaji wa 4.0 × 10⁻⁶ kwa gramu, ukizidishwa kwa uzani wa 199.65 wa moli moja ya fomula, hutoa karibu 799 × 10⁻⁶. Elektroni zote zilizo katika jozi, zile za asetati, za maji na za ndani ya shaba, husukumwa kidogo na sumaku, na msukumo huo lazima urudishwe: kwa viwango vya Pascal, yaani jedwali la msukumo wa kila atomi, ni kama 85 × 10⁻⁶, jumla ikawa 884 × 10⁻⁶. Zidisha kwa kelvini 300, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.828, na utapata 1.46 yenu. Mlichosahau ni kutoa ule uvutikaji usiotegemea halijoto, ambao hautokani na elektroni isiyo na mwenzi bali na jinsi uga wa sumaku unavyochanganya kidogo hali za chini za ayoni na zile za juu. Kwa shaba(II) kwa desturi hukadiriwa kuwa 60 × 10⁻⁶. Ukiutoa, 884 inakuwa 824, na momenti inakuwa 1.41. Fanya hivyo hivyo kwa mrututu na 1.94 itashuka hadi 1.90. Katika mrututu sahihisho hilo halionekani kuwa na uzito. Katika asetati, ambayo uvutikaji wake ni mdogo, linahamisha jibu kwa zaidi ya asilimia 3.

Umeuliza pia usumaku umekwenda wapi, na kusema tu kwamba spini zinapingana ni kutaja jambo bila kulieleza. Zinajuanaje? Jibu la kwanza linalomjia mtu akiona pikomita 262 ni kwamba shaba mbili zimeunganishwa moja kwa moja kwa kifungo. Mwaka 1956 Figgis na Martin walipendekeza kitu cha namna hiyo, na kwa wakati ule lilikuwa pendekezo la busara. Lakini tazama elektroni pekee iko katika obitali gani. Katika kila shaba imo katika obitali ya d yenye ncha nne ambazo zote zinaelekea kwenye oksijeni nne za asetati, pembeni, kama mikono iliyonyooshwa kuelekea mapanga ya pangaboi. Hakuna ncha inayoelekea kwa shaba ya pili. Elektroni hizo zinaweza kutazamana kwa ubavu tu, na mguso wa ubavu ni dhaifu mno.

Njia nyingine ni kupitia daraja lenyewe. Kwa kuwa ncha za obitali zimeelekea kwenye oksijeni, elektroni ya shaba ya juu haikai yote juu ya shaba. Sehemu yake imeenea hadi kwenye oksijeni, na kutoka hapo kupitia kaboni hadi oksijeni ya pili, ambako hukutana na sehemu ya elektroni ya shaba ya chini. Elektroni mbili zinazotumia njia moja haziwezi kuwa na spini ya upande mmoja, kwa sababu kanuni ya Pauli inakataza. Zikipingana zinapata nafasi pana zaidi ya kuenea, na nishati yao inashuka. Hivyo daraja la asetati, ambalo halina usumaku wake, ndilo linalopeleka habari.

Ushahidi wa kuchagua kati ya njia hizi mbili ulitoka kwa kubadilisha daraja. Kuna chumvi mbili zinazofanana karibu kwa kila kitu, zote zikiwa na thayosayaneti mahali pa maji kwenye ncha za mhimili, isipokuwa moja ina mapanga ya asetati na nyingine ya fomati. Katika ile ya asetati shaba ziko umbali wa pikomita 264 na pengo la nishati ni mawimbi 305 kwa sentimita. Katika ile ya fomati shaba zimesogea mbali zaidi, hadi pikomita 272, na pengo badala ya kupungua limepanda hadi 485. Kama spini zingekuwa zinazungumza moja kwa moja kutoka shaba hadi shaba, kuzitenganisha kungepunguza sauti. Hapa umbali umeongezeka na sauti imeongezeka pia, kwa hiyo anayesema ni daraja.

Ili usidhani kwamba muundo huu wa pangaboi hauwezi kamwe kuwa na kifungo cha metali kwa metali, itazame asetati ya kromi(II), chumvi nyekundu ambayo Péligot aliitengeneza mwaka 1844. Umbo lake ni lile lile, lakini atomi za kromi ziko umbali wa pikomita 236 tu na haivutwi na sumaku hata katika joto la chumba, ingawa kromi(II) yenye elektroni nne pekee ingetarajiwa kuwa na magnetoni 4.90. Huko kweli upo kifungo, tena cha mara nne. Mkitaka kuitengeneza mjiandae, maana hewa huiharibu upesi.

Mfano wa pili wa nguvu ya daraja naupenda zaidi kwa sababu unaonyesha kwamba hata upande wa spini hutegemea umbo. Kuna kampaundi nyingi ambamo shaba mbili zimeunganishwa na hidroksidi mbili, zikiunda umbo kama msambamba wa shaba, oksijeni, shaba, oksijeni. Mwaka 1976 Hatfield na Hodgson, wa Chuo Kikuu cha North Carolina, walionyesha kwamba katika kundi hilo pengo la nishati linafuata pembe ya oksijeni iliyo kati ya shaba mbili kwa mstari ulionyooka. Pembe ikiwa kubwa kuliko nyuzi 97.5, spini hupingana. Ikiwa ndogo kuliko hapo, huelekea upande mmoja. Katika pembe ya 104 hivi, singileti iko chini kwa mawimbi 509 kwa sentimita. Katika pembe ya 95.5, tripleti ndiyo iliyo chini, kwa mawimbi 172. Sababu yake ni kwamba pembe inapokaribia 90, shaba moja inatumia obitali moja ya p ya oksijeni na shaba nyingine inatumia ile inayosimama wima kwa ya kwanza. Kila elektroni ina njia yake, kanuni ya Pauli haina la kuzuia, na elektroni zilizo jirani katika njia tofauti hupendelea kuelekea upande mmoja, kama zinavyofanya ndani ya atomi kwa kanuni ya Hund. Nyuzi tisa za pembe zinatosha kugeuza kampaundi isiyo na usumaku katika baridi kuwa yenye usumaku zaidi katika baridi.

Nikirudi kwenye maabara yenu, mnaweza kuthibitisha haya bila naitrojeni na bila kifaa kingine chochote zaidi ya friji yenye sehemu ya kugandisha. Jazeni neli mbili, moja mrututu na moja asetati, zizibeni vizuri, pimeni katika nyuzi 27, kisha zilazeni usiku kucha katika nyuzi 18 chini ya sifuri, ambazo ni kelvini 255. Mrututu, kwa kuwa ayoni zake ziko pekee, unapaswa kuongeza uvutikaji kwa uwiano wa 300 kwa 255, yaani karibu asilimia 18. Asetati haitaongeza kitu. Kwa mlinganyo ule ule, uvutikaji wa shaba moja katika kelvini 300 ni 817 × 10⁻⁶ na katika 255 ni 825 × 10⁻⁶, tofauti ambayo mizani yenu pengine haitaiona, kwa sababu kilele alichokiona Guha kiko hapo hapo. Momenti ya asetati, kwa hiyo, inashuka kutoka 1.40 hadi 1.30, na ya mrututu inabaki ilivyokuwa. Uchafu hauwezi kufanya hivyo: chumvi ya shaba iliyochanganywa na sukari ingekuwa dhaifu, lakini ingepanda kwa asilimia 18 kama mrututu wote.

Fanyeni kipimo cha baridi haraka, ndani ya nusu dakika tangu neli itoke kwenye barafu, na futeni kioo kwa kitambaa kikavu, kwani unyevu wa hewa hushika neli mara moja, na maji husukumwa na sumaku na kupunguza namba. Neli tupu ipozwe na kupimwa kwa namna ile ile. Tumieni kijiko cha plastiki. Mkishapata namba hizo nne, mbili za mrututu na mbili za asetati, ziandikeni katika jedwali moja, toeni 60 × 10⁻⁶ kila mahali, na mumpelekee msimamizi wenu pamoja na daftari lile la kwanza.